Dakika Chache Zinazodumu

Msomaji wa Biblia anayetumia Kiswahili ana bahati moja ambayo wengine wengi hawana. Akisoma katika Matendo ya Mitume sura ya 3 kwamba Petro na Yohana walikwenda hekaluni kusali saa tisa, hahitaji maelezo ya pembeni. Saa tisa ni saa tisa: jua limeanza kulegea na watoto wanarudi kutoka shule. Akifika sura ya 10 na kumkuta Petro darini akisali yapata saa sita, anajua jua liko utosini, wala hashangai kusoma kwamba mtume aliona njaa. Mwingereza hana budi kupiga hesabu kwanza, maana saa yake huanza usiku wa manane. Sisi twahesabu mchana tangu macheo, kama walivyohesabu mitume. Saa za sala za Kanisa la kwanza zimo katika lugha yetu, na tunazitaja kila siku tunapopanga safari na vikao.

Tunaanza na saa kwa sababu ndipo mashauri mengi ya siku hizi yanapoanzia. Mshirika anakuja ofisini baada ya ibada, anakaa, anasema amechoka. Hasemi ameacha imani. Anasema hapati usingizi, na kwamba akipiga magoti mawazo yanakimbilia mkopo wa kikundi, ada ya mtoto na simu inayoita. Mwishoni anauliza: nitapata wapi muda wa kutulia?

Tunasema "sisi" katika insha hii kwa sababu jambo lenyewe si la mtu mmoja. Nyumbani kwetu, mkoani Singida, mmoja ni mchungaji na mwingine ni muuguzi wa zahanati. Aliyeshika kalamu ni mchungaji, lakini utaratibu tutakaoueleza ni wa wawili, na usingedumu wiki mbili kama ungekuwa wa mmoja.

Maisha ya nyumba kama yetu wengi wanayajua. Usharika una mitaa kadhaa, na kati ya mtaa na mtaa kuna mwendo wa pikipiki katika vumbi na upepo ambao wageni wa Singida huukumbuka hata baada ya kuyasahau majabali yetu. Kuna darasa la kipaimara, kuna jumuiya, kuna ndoa inayotaka kuvunjika, kuna msiba ambao haukupanga ratiba na mtu. Muuguzi ana zamu za usiku, na akina mama wajawazito hawachagui saa. Mvua zikianza kuna shamba la alizeti, maana kwetu msimu ni mmoja tu, na aliyeuchelewa atausubiri mwakani. Watoto ni watatu, na mdogo yuko darasa la pili.

Katika msimu mmoja wa palizi kipimo cha presha cha mchungaji kilisoma 168 kwa 104. Miezi michache kabla ya hapo, mwenzetu mmoja katika utumishi, wa rika letu, alikuwa amepata kiharusi. Alinusurika, lakini ulimi umekuwa mzito, na mtu aliyehubiri bila karatasi sasa anatoa baraka kwa kuinua mkono mmoja. Kwa hiyo usiku ule tulipokaa na kile kikaratasi cha vipimo mezani, hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake maana yake. Daktari alikuwa ameagiza mambo matano: vidonge kila siku, chumvi kidogo, kutembea, kulala vya kutosha, na kutuliza akili. Manne ya kwanza tuliyaelewa. Hilo la tano hakuna duka la dawa linaloliuza.

Wakati huohuo binti mmoja wa usharika alirudi kutoka masomoni Dar es Salaam. Akaanza kuwakusanya akina mama vijana jioni nyuma ya kanisa, kila mmoja na mkeka au khanga yake, wakinyoosha migongo na kuvuta pumzi polepole. Alikuwa amejifunza kwenye simu, na aliliita jambo hilo kwa jina lake: yoga. Haikupita wiki mbili likafika kwenye baraza la wazee.

Baraza lilitaka kujua kwanza linazungumza kuhusu nini, na hilo ni jambo jema kwa baraza lolote. Yoga ni neno la Kisanskriti, na lina undugu na neno lenye maana ya nira, ule mti wa kuwafunga maksai wawili wavute plau pamoja. Kwa asili ni njia ya kidini ya Wahindu. Maandiko yanayohusishwa na mwalimu wa kale Patanjali yanataja sehemu nane za njia hiyo, na mikao ya mwili ni sehemu moja tu. Nyingine zinahusu mwenendo, pumzi, na kuzama katika tafakuri. Mikao mingi inayofundishwa mijini leo ilipangwa na kuenezwa na walimu wa karne iliyopita, kama T. Krishnamacharya aliyefundisha Mysore, India, miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kilizunguka dunia. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga. Hapa jirani, Nairobi, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafunza vijana kuwa walimu wa yoga tangu 2007. Nalo zoezi la kuelekeza akili kwenye pumzi na kwenye jambo la sasa liliingia hospitalini mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo kwa wagonjwa katika chuo kikuu cha tiba huko Massachusetts, Marekani. Mbinu zake zilitoka katika tafakuri ya Kibuddha, bila ibada yake.

Baada ya vikao viwili tulifikia hivi. Kunyoosha mgongo si mali ya dini yoyote, maana mgongo ni kazi ya Muumba. Hata hivyo hatutajifanya hatujui jina hilo limetoka wapi, hatutatamka maneno ya ibada tusiyoyaamini, na hatutawadhihaki majirani ambao kwao ni ibada kweli. Mazoezi yakaendelea, na yakaitwa mazoezi. Mzee mmoja hakukubali na hajakubali hadi leo. Tunamheshimu, na tunakula naye meza moja ya Bwana. Warumi 14 iliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi na yeye.

Lakini binti yule alituachia swali lililo kubwa kuliko yoga. Alisimama mbele ya baraza, mikono nyuma, akauliza kwa adabu: "Baba Mchungaji, kama mngenikataza hiki, mngenipa nini? Kanisa letu lenyewe linafundisha nini kuhusu kutulia?"

Jibu lilikuwa kabatini, katika kijitabu ambacho kila mtoto wa kipaimara amekariri sehemu yake. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, baada ya Amri, Imani, Sala ya Bwana na Sakramenti, Martin Luther aliweka ukurasa mdogo kwa ajili ya nyumba. Asubuhi, ukiinuka kitandani, ujifanyie ishara ya msalaba kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha, ukisimama au ukipiga magoti, useme Imani na Baba Yetu, na ukitaka uongeze sala fupi. Halafu uende kazini kwa furaha, ukiimba wimbo. Jioni vivyo hivyo, halafu ulale mara moja, kwa moyo mchangamfu.

Tulikuwa tumeufundisha ukurasa huo kwa miaka mingi. Safari hii tuliusoma kama watu wenye kikaratasi cha daktari mkononi, na mambo matatu yakajitokeza. La kwanza, mwili umo. Mkono unasogea, magoti yanakunjwa, sauti inatoka; Luther hakuwaza sala ya kichwa kitupu kinachoelea hewani. La pili, ni fupi. Ukisema Imani na Baba Yetu bila haraka, dakika mbili hazijaisha. La tatu, halitafuti muda mpya. Limefungwa kwenye mambo mawili ambayo kila mwanadamu atayafanya leo, apende asipende: kuamka na kulala.

Mwaka 1535 Luther aliandika kijitabu kingine kuhusu sala, safari hii kwa ajili ya kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf. Peter alikuwa ameuliza swali lile lile la washarika wetu, asali vipi mtu mwenye kazi. Luther alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, akamwonya asidanganywe na wazo la kusema "subiri kidogo, nimalize hili kwanza." Halafu akachukua mfano kutoka katika kazi ya Peter mwenyewe. Kinyozi mwema huweka macho na akili yote kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku anatazama kwingine, atamkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Basi na sala inataka moyo wote uwepo. Wanaosema kwamba kuwa makini na jambo moja kwa wakati mmoja ni maarifa mapya kutoka ng'ambo, waende kibanda chochote cha kinyozi stendi ya Singida, wakae kitini, waone kama watataka mwenye mashine awe anachati.

Hadithi ya Peter ina mwisho mchungu, na ni vizuri wasomaji waujue. Mwaka huohuo, siku ya kuamkia Pasaka, akiwa mezani kwa mkwe wake, katika ulevi, alimchoma mkwe huyo kisu na kumuua. Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea huruma mbele ya watawala. Peter hakunyongwa, alifukuzwa mjini, akaishia ugenini. Tunaisimulia kwa sababu vitabu vingi vya siku hizi kuhusu utulivu vinaahidi kupita kiasi. Sala si hirizi, na utaratibu mzuri wa asubuhi haumfanyi mtu asiweze kuanguka jioni. Anayesali bado anahitaji rehema, na huenda ndiye anayejua zaidi kwamba anaihitaji.

Baada ya Katekisimu tulirudi nyuma zaidi, kwa baba zetu wa Afrika. Katika karne ya 4, jangwani Misri, walikuwepo watawa waliojifunza kukaa kimya hata dunia ikaenda kuwauliza. Inasimuliwa kwamba Anthony alipolemewa na uchovu wa roho alimwomba Mungu amwonyeshe la kufanya. Akaona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha anasimama kusali, kisha anaketi tena anasuka, kisha anasimama tena. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba: kazi na sala kupokezana, mwili ukiketi na kuinuka. Naye Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliuandika uchovu huo kama pepo wa adhuhuri anayemvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Jua linaonekana limesimama, mtu anachungulia mlangoni kila dakika, anachukia mahali alipo na kazi aliyo nayo, anawaza kwamba kwingine kungekuwa bora. Nasi twazijua saa hizo. Ni saa ambazo mkono unaitafuta simu bila sababu.

Kutokana na hayo tulijipangia utaratibu mdogo. Tunauandika hapa kama mfano, kila nyumba iupime kwa kipimo chake.

Asubuhi, kabla simu haijaguswa, miguu ikikanyaga sakafu, tunafanya ishara ya msalaba, tunasema Imani na Baba Yetu. Kisha kwa dakika tano tunanyoosha mabega, kiuno na magoti, tukivuta pumzi polepole. Hatuna jina la mikao hiyo. Mwingine ni ule wa mtu anayeshusha ndoo kichwani.

Saa sita mchana kengele ndogo ya simu inalia, mmoja akiwa ofisini au njiani, mwingine zahanati. Kila mmoja anasimama alipo, anavuta pumzi tatu, na kwa kila pumzi anasema moyoni, Bwana, uturehemu. Haichukui dakika moja. Muuguzi husema wakati ananawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, na anasema mikono inanawika vizuri zaidi.

Saa tisa au saa kumi, kama kuna mtu wa kutembelewa karibu, mchungaji anakwenda kwa miguu na kuiacha pikipiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani kama dakika 22 kwa siku. Kwenda na kurudi kwa bibi mgonjwa kunatosha. Tena mchungaji anayetembea husalimiwa, na katika salamu husikia mambo ambayo mwenye pikipiki huyapita.

Jioni, baada ya chakula, simu zote zinawekwa kwenye kikapu juu ya kabati. Kila mtu, hata wa darasa la pili, anataja jambo moja la siku hiyo alilomshukuru Mungu na moja lililomuumiza. Wimbo mmoja, Baba Yetu, ishara ya msalaba, kulala. Simu ya zahanati au ya msiba ikiita, inapokelewa. Kikapu kile si gereza.

Tulipoeleza haya katika jumuiya moja, mama mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mchungaji, huo muda unauzwa wapi, nikanunue?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kiangazi huamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Akirudi kuna uji, kuna shamba, kuna kuni. Akipiga magoti usiku anasinzia kabla ya kufika kwenye mkate wa kila siku.

"Mama, umesema kweli," ndilo jibu pekee lililofaa pale, na wiki iliyofuata tukarudi na Biblia. Katika 1 Wafalme 19 Eliya amekimbia jangwani, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamfundishi namna ya kusali. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale. Anarudi tena, anampa chakula mara ya pili. Safari ya Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu, vinakuja baadaye. Mama anayesinzia katika Baba Yetu hajamkosea Mungu. Bwana aliyelala usingizi chomboni katikati ya dhoruba anaufahamu usingizi huo.

Kisha tukasoma amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5. Tuliwaomba waliokuwepo wahesabu wanaotajwa kupumzika: wewe, mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. Amri inataka mtumishi apumzike kama bwana wake. Haikusema baba wa nyumba apumzike huku wengine wakimchotea maji. Kama utulivu wa mmoja unabebwa na mgongo wa mwingine, hiyo si Sabato bado. Mama yule alikuwa na mume na vijana wawili wa kiume, nao walikuwepo wamekaa. Hatukumtaja mtu. Lakini siku hizi, tunaambiwa, ndoo za Jumamosi na Jumapili zinakwenda kisimani kwa baiskeli ya kijana mkubwa. Mama analala hadi saa kumi na mbili siku mbili kwa wiki. Kwetu sisi, hilo ni tunda la sala kuliko mikao yote tuliyojifunza.

Nyumbani nasi jambo ni hilohilo. Zamu ya usiku ikiisha, muuguzi hurudi saa mbili asubuhi. Usingizi wake unawezekana kwa sababu uji umepikwa na mchungaji, watoto wameondoka wakiwa wamevaa, na washarika wanajua kwamba asubuhi hizo hodi zipigwe ofisini, si nyumbani. Kwa hiyo mtu akituuliza aanzeje utaratibu wa kutulia, nasi twamuuliza kwanza: nani atapika uji?

Watu huuliza pia inachukua muda gani mpaka jambo likae mwilini. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliojaribu kuanza tabia moja ndogo kila mmoja, kama kunywa maji au kukimbia kidogo saa maalumu. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likaanza kujiendesha, lakini wengine walihitaji siku 18 tu na wengine ingewachukua siku 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Sisi tulihitaji mvua yote, kuanzia kupanda hadi alizeti inapoinamisha vichwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha jirani kinaweza kuwa kikubwa kuliko chako.

Hilo la kukosa siku moja lina uzito kwetu Walutheri kuliko kwa watafiti. Wengi wanaacha utaratibu wa sala siku ya tatu au ya nne wanapokosa, kwa sababu wanadhani kuna deni linalolimbikizwa. Wamekosa Jumanne, basi Jumatano wasali mara mbili, Alhamisi mara tatu, na Ijumaa wanaona aibu kuanza. Nyumbani tuna sheria moja: sala haina malimbikizo. Ukikosa, anza na inayofuata kana kwamba ndiyo ya kwanza. Ile ishara ya msalaba ya asubuhi ni ukumbusho wa ubatizo, na ubatizo haukutegemea jana yetu. Kama utulivu ungekuwa mshahara wa bidii yetu, tungelala na hofu kila tulipokosa. Kwa kuwa ni zawadi, kesho asubuhi bado ipo mlangoni.

Muuguzi anataka liandikwe neno moja kwa lugha ya zahanati. Mtu anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anayelia bila kujua sababu, anayewaza kufa kama Eliya alivyowaza, asiambiwe tu avute pumzi na asali zaidi. Aende kwa mtaalamu wa afya, na ikiwezekana asindikizwe. Malaika alimletea Eliya mkate halisi. Na wenye presha wasiache vidonge kwa sababu wameanza kusali au kunyoosha mgongo. Mchungaji wa nyumba hii bado anameza vyake kila asubuhi, baada ya Baba Yetu. Kipimo cha mwisho kilisoma 138 kwa 86. Hatujui ni kiasi gani kimeletwa na kidonge, kiasi gani na chumvi, na kiasi gani na zile pumzi tatu za saa sita, wala hatuoni haja ya kugawa sifa. Vyote vimetoka katika mkono mmoja.

Binti wa mazoezi ameolewa Manyoni, na huko ana kundi lake. Akina mama wa hapa wanaendelea wenyewe jioni za Jumanne. Wakimaliza kunyoosha wanakaa kimya kidogo, kisha wanasema Imani, na yule mzee asiyekubali mazoezi, ambaye nyumba yake iko jirani, husikika akiisema pamoja nao kutoka barazani kwake.

Mpendwa msomaji, kama umechoka, usianze na saa nzima. Chukua jambo moja ambalo tayari unalifanya kila siku, kuamka, kunawa, kuwasha moto, kusubiri foleni ya maji, ukalifungie sala moja fupi. Tazama pia ni nani nyumbani mwako hapati nafasi ya kutulia kwa sababu yako, ukampunguzie ndoo moja. Halafu jioni mkabidhi Mungu yaliyobaki, ulale. Yeye hasinzii.